Pombe ya Vuli Iliyofika Makutupora

Mama yangu alikuwa akiisikiliza pombe kabla ya kuionja. Aliinama, akaweka sikio karibu na mdomo wa chungu, akafumba macho, na sisi watoto tukanyamaza kama tuko kanisani. Akisikia ndani mnong'ono mdogo mdogo, kama manyunyu juu ya mchanga, alifunika tena na kwenda zake akiwa ameridhika. Kukiwa kimya alisema, "Huyu bado." Pombe kwake haikuwa kitu. Alikuwa mtu.

Mama hayupo tena. Sitaandika alivyokwenda. Nitaandika siku moja ya Oktoba alipokunywa bia ya Wajerumani mchana kweupe, kwa sababu nikiikumbuka siku hiyo nacheka, na tangu nimzike nimejifunza kuzitafuta siku za namna hiyo.

Kwanza nimtaje baba, maana bila yeye habari hii haisimami. Mama alipika pombe ya mtama, na watu waliifuata kutoka vijiji vya mbali. Baba hakupika chochote, lakini ndiye aliyekuwa mwonjaji. Pombe ililazwa siku mbili ikiwa imefunikwa. Asubuhi ya siku ya tatu mama alichota kata ya kwanza akampa. Baba alikunywa taratibu, akapangusa ndevu, akasema neno moja kati ya mawili: "Imeamka," au, "Imelala." Akisema imelala, hata kama uani wamejaa watu na vikombe vyao, hakuna anayepewa. Siku ya harusi yangu alisema imelala mbele ya wakwe zangu, na wakwe wakakaa juani mpaka jioni wakinywa maji. Mama hakubishana naye hata mara moja.

Baba alipofariki, mama alikibeba kile chungu hadi nyuma ya nyumba akakifudikiza juu ya mawe. Kuku wakapata kivuli. Watu walikuja kumbembeleza apike, hata kidogo tu, akawajibu wote jibu moja: "Nani ataniambia kama imeamka?" Kisha alirudi kukaa chini, mgongo ukutani. Mwaka mzima alikaa pale. Aliyekuwa akisimama tangu alfajiri akipepeta, akitwanga, akichochea, sasa alikaa akitazama kuku wanaoingia na kutoka kivulini mwa chungu chake. Mimi niliogopa kule kukaa kuliko ninavyoogopa njaa. Nilikuwa na hakika kwamba kile chungu kisipogeuzwa, tutamzika na yeye.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Foleni za sukari zilikuwa zimekwisha, mitumba imejaa sokoni, na katika maduka ya Dodoma mjini zilianza kuonekana bia za makopo kutoka nchi ambazo sikuwahi kuzisikia. Mimi nilikuwa mpishi katika nyumba ya mradi wa maji huko Makutupora, kwenye visima vinavyonywesha mji, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka kwa mama. Nilikuwa na darasa la saba na mkono mzuri wa kukanda unga, basi.

Katika nyumba hiyo alikaa fundi wa pampu, Mjerumani, mrefu hadi akiingia jikoni anainama. Kiswahili chake alikisoma kitabuni kabla hajapanda ndege. Badala ya kusema "nipe chumvi", alisema "ningefurahi kupatiwa chumvi", na mimi nilimletea nikihisi kama nimepewa cheo. Mtu mwingine wa pale alikuwa dereva, Mwislamu wa Kondoa. Pombe hakuonja hata siku moja, lakini hakukuwa na jambo duniani ambalo hakuwa na neno juu yake, pombe ikiwemo.

Fundi alizijaribu bia zote za makopo za mjini. Alimimina, akatazama, akanusa, akanywa funda moja, akakunja uso. "Hii imefanywa kwa haraka," alisema kila mara. Dereva akamjibu, "Fundi, hata wewe ulikuja kwa ndege."

Ndipo mwezi wa Oktoba mwenzake mmoja akaja kutoka kwao na boksi. Ndani mlikuwa na chupa sita, aina tatu, mbili mbili. Fundi alizitoa moja moja na kuzipanga mezani kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akaniambia, macho yakimwaka, "Hii ni pombe ya vuli. Kwetu hunywewa wakati wa vuli tu."

Neno vuli nililijua kutoka redioni. Mtangazaji alisema mvua za vuli zimeanza pwani. Sisi wa Dodoma hatuna vuli. Tuna msimu mmoja wa mvua: ukija umekuja, usipokuja tunajua tutakula nini na tutakosa nini. Siku hiyo jua lilikuwa limekausha hata mate. Niliporudi kumwona mama nikamwambia, kwa kukosa habari nyingine, kwamba fundi ameletewa pombe ya vuli.

"Ya nini?"

"Ya vuli."

"Pombe ya mvua?"

"Ndivyo alivyosema."

Mama akasimama. Kwetu mvua ina wenyewe. Wanaoiombea wanajulikana, mahali panajulikana, na pombe inayomwagwa inapikwa kwa kazi hiyo. Mgeni akianza kuchezea jambo hilo anaweza kuifunga mbingu juu ya vichwa vya watu wote. "Ameomba ruhusa kwa nani?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeleta boksi. "Lini anaimwaga?"

"Jumamosi alasiri, nadhani. Alisema atazifungua."

"Utanipeleka."

Niseme ukweli hapa. Nilijua kuna kitu hakijakaa sawa. Fundi hakuwa na sura ya mtu anayeomba mvua. Alikuwa na sura ya mtu mwenye kiu. Ningeweza kumwambia mama subiri, nikamuulize vizuri. Sikusema. Tangu msiba ilikuwa mara ya kwanza namwona akitafuta viatu vyake.

Jumamosi alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipita kando ya mashamba ya zabibu, watu wakamsalimia kwa mshangao, naye akajibu bila kusimama. Tulimkuta fundi barazani, chupa tatu juu ya meza, glasi zimeng'arishwa, daftari na kalamu pembeni. Dereva alikuwa amekaa ngazini na soda yake.

"Shikamoo, mama," fundi alisema akiinuka.

"Marahaba. Mwanangu, umekuja kuchimba maji ya chini, tumekubali. Haya ya juu nani amekutuma?"

Fundi akanitazama mimi. Mimi nikatazama ndoo. Dereva alicheka mpaka soda ikamtoka puani.

Ilichukua muda kuelewana. Fundi alieleza kwamba vuli si mvua. Vuli ni majira ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kuanguka. Mama akamwonyesha miti iliyozunguka uwanja, yote mitupu. "Huku yameanguka tangu Juni. Mbona hukuileta Juni?"

"Mama, kwao majani yana ratiba," dereva alisema.

"Na wewe, ulikaa hapa siku zote hizi ukashindwa kumfundisha neno moja?"

"Mimi ni mtu wa soda, mama. Pombe sina mamlaka nayo."

Fundi hakukata tamaa. Alisema kwao wakati huo watu wamekwisha kuvuna. Nafaka imeingia ghalani. Joto likianza watu hawapiki, kwa hiyo pombe hii hupikwa mapema, mwezi wa Machi, na mavuno yakiingia wanakusanyika kumaliza mapipa ya zamani ili yapatikane ya kutilia pombe mpya.

Mama akapiga makofi. "Kumbe ni pombe ya mavuno!"

"Ndiyo," alisema fundi. "Mavuno."

"Sasa si ungesema! Neno moja tu, na mimi nimekula jua lote hili."

Hapo angeweza kugeuka na kurudi ukutani kwake, maana kilichomleta kilikuwa kimekwisha. Nilishika nguzo ya baraza nikingoja ageuke. Hakugeuka. Alikuwa ametazama chupa.

"Umesema imepikwa Machi. Toka Machi ilikuwa wapi?"

"Imelazwa."

"Imelazwa?" Mama alivuta kiti mwenyewe akakaa. "Siku ngapi?"

"Miezi sita. Mahali penye baridi sana, chini ya ardhi. Zamani watu waliweka barafu."

"Miezi sita bila kuchacha? Huo si usingizi, mwanangu. Huko ni kuzirai."

Fundi alicheka, akafungua chupa ya kwanza, akammiminia mama glasi kwa uangalifu mpaka povu likasimama, akampa kwa mikono miwili. Mama hakuipokea. Fundi akaisogeza. Mama akatazama mashamba ya zabibu. Uso wa fundi ukaanza kuwa mwekundu.

"Onja kwanza, fundi," dereva alimnong'oneza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Lakini ni ya mgeni."

"Ndiyo maana. Ondoa uchawi."

"Mimi sina uchawi."

"Tutajuaje?" mama alisema.

Fundi akaonja, povu likamshika juu ya mdomo, akasimama tuli kama anayepimwa na daktari. Mama akamtazama mpaka aliporidhika kwamba haanguki, kisha akapokea glasi. Akaipeleka sikioni.

Fundi alinitazama tena. Nikamwambia kwa ishara asubiri.

"Amekufa baridi huyu," mama alisema. Friji yetu ilikuwa ya mafuta ya taa, haikujua njia ya katikati. Ama igandishe, ama iwe kabati. "Ukimpa mtu kitu cha baridi namna hii, ulimi unakufa ganzi. Unakunywa baridi, hunywi pombe." Akaagiza chupa zote zitolewe, zikae kwenye mchanga wenye unyevu chini ya mtungi wa maji. Tukangoja. Fundi hakupinga, alisema hata kwao hainywewi ikiwa imeganda, ila hakujua afanyeje na ile friji.

Zilipokuwa tayari tulionja kwa utaratibu. Fundi alitaka tutazame rangi kwanza, kisha tunuse, kisha tunywe funda dogo na kungoja. Alishika kalamu. Ya kwanza ilitoka kwenye chupa ya kijani. Nilikuwa naimba kwaya, na kwenye kwaya sikusema jambo hili, lakini nilikunywa. Akaniuliza nasemaje.

"Nzuri sana, fundi."

Akaandika. Tukaonja ya pili. "Nzuri sana, fundi." Akaandika. Alipogeuka kwa mama, mama alikuwa ameirudia ile ya kwanza anainusa huku amekunja pua.

"Huyu amepigwa jua."

"Samahani?"

"Jua limempiga. Ananuka kama beberu. Ulimweka wapi?"

Fundi alifikiri, kisha akajipiga kofi kwenye paja. Boksi lilikuja limefungwa hadi Dodoma, lakini chupa mbili za kijani alizitoa na kuziacha siku tatu dirishani kwa sababu zilipendeza. Akatueleza kwamba mwanga unapita kwenye kioo cha kijani na kuharibu pombe, ndiyo maana nyingine huwekwa kwenye chupa za rangi ya kahawia. Alieleza kwa furaha, kama mtu aliyepata ndugu ugenini. Kisha akatazama daftari, mahali alipoandika maneno yangu. Mimi nilitamani ardhi ifunguke.

Ya pili mama aliipitisha bila maneno mengi. "Safi. Haina kosa, haina habari."

Ya tatu ndiyo. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea, ukiinyanyua juani inageuka kama shaba. Povu lake lilikuwa zito, la rangi ya maziwa ya moshi, na halikukimbia. Niliponusa nilishtuka, kwa sababu nilinusa jiko langu mwenyewe: mkate unapotoka kwenye moto, ule upande wa chini uliokauka na kuwa kahawia, ambao kila siku nilikuwa naula mimi mpishi kabla fundi hajaona. Mdomoni ilianza kwa utamu, lakini si wa sukari, utamu wa nafaka iliyotafunwa muda mrefu. Halafu utamu ukaondoka wenyewe, ukabaki uchungu mdogo wa majani, na mdomo ukawa mkavu na safi, unataka tena. Haya nayaandika leo. Siku ile, baada ya aibu ya chupa ya kijani, sikusema neno.

Mama aliisikiliza muda mrefu. Alikunywa, akaacha, akakunywa tena.

"Kimea hiki kilikaushwa na mtu asiye na haraka," alisema. "Moto wake ni wa makaa, si wa ndimi. Umekigusa, haukukiunguza."

"Je, mama," fundi aliuliza, kalamu hewani, "ni nzuri?"

Mama akapangusa midomo kwa nyuma ya mkono.

"Imeamka."

Akaishusha glasi mezani. Nadhani hakujua neno lile litatoka. Lilikuwa la baba, na tangu azikwe hakuna aliyelisema. Niliangalia mikono yangu. Dereva, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikunywa soda yake. Fundi peke yake, asiyejua chochote, aliandika neno hilo daftarini na kuuliza linaandikwa vipi.

"Kimea chenu," mama alimwambia baadaye kidogo, sauti imerudi, "mnakiotesha siku ngapi?"

Wakazungumza mpaka jua likashuka. Mama alionyesha kwa vidole urefu wa mzizi wa mtama uliochipua vizuri, fundi akachora mzizi wa shayiri. Mama alisema majani wanayotia kwao ili pombe iwe chungu ni uvivu wa watu wasiojiamini, fundi akasema yanazuia kuchacha, mama akasema basi ni uvivu wenye akili.

Njiani kurudi hakutembea mbele. Tulikwenda sambamba.

"Kwa nini ulimdanganya fundi?"

"Ilikuwa adabu tu, mama."

"Adabu ni kumpa mtu kiti. Amekuuliza kuhusu pombe. Yule mtu ametoa kitu chake anachokipenda kutoka mbali kote huko, anataka kujua, na wewe unampa nzuri sana, nzuri sana, kama unafukuza kuku. Baba yako hakuwa na adabu ya namna hiyo."

"Najua. Nilikuwepo harusini kwangu."

Akacheka mpaka akasimama kushika goti. Mwaka mzima sikuwa nimekisikia kicheko hicho.

Jumatatu chungu kilikuwa kimegeuzwa. Hakuniambia, nilikikuta uani kimeoshwa, na kuku wamesimama juani wakishangaa. Mtama ulikuwa umelowekwa. Akauotesha, akauanika, akausaga, akapika, akalaza. Habari zikaenda mbio, na asubuhi ya siku ya tatu baada ya kuilaza uani kulikuwa na majirani na vikombe vyao. Fundi naye alikuja na dereva, amebeba glasi yake mwenyewe ndani ya soksi isivunjike.

Mama alifunua chungu. Akainama, akasikiliza, uso wake haukusema kitu. Kisha akachota kata ya kwanza, akanigeukia mimi.

"Haya."

Nilipokea. Nilikunywa taratibu kama nilivyomwona baba akifanya, na kabla sijameza nilikwishajua. Ilikuwa tamu na nzito, kama togwa. Hakukuwa na ule mchomo mdogo kwenye ncha ya ulimi. Nikamtazama mama, vidole vyake vimeshika ukingo wa chungu. Nikawaza mawe yale nyuma ya nyumba, na jinsi ilivyo kazi nyepesi kukifudikiza chungu kwa mara ya pili. Neno moja la uongo lingetosha, na watu wangekunywa na kusifu, maana hakuna anayemkosoa mjane.

"Imelala," nilisema.

"Umesemaje?"

"Imelala, mama."

Akanitazama. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Nimemsikia tangu alfajiri kwamba amelala," alisema. "Wewe ndiye nilikuwa sijakusikia." Akafunika chungu akawageukia watu. "Mmesikia mwonjaji. Kesho."

Watu walilalamika sana. Fundi alitazama glasi yake kwa huzuni.

"Vumilia, fundi," dereva alimwambia. "Yenu ililala miezi sita mkangoja. Hii ni siku moja, unataka kulia?"

Mvua, kama kuna anayeuliza, ilikuja Desemba, kama kawaida yake. Chupa ya tatu haikuhusika.

Kesho yake nilionja tena, ikanichoma ulimi vizuri, nikasema imeamka. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. Mama akaichukua kata mkononi mwangu ikiwa bado na kiasi, akakimwaga polepole mchangani, mahali ambapo baba alikuwa anaweka kigoda chake. Fundi alikurupuka na kitambaa, akidhani imemponyoka, akapiga magoti kuifuta.

"Acha, mwanangu," mama alimwambia. "Mwache mzee anywe."